Roboti ya India ama kisu cha Mombasa? Nishaurini kuhusu dada yangu

BintiMkomani · Jumamosi, saa 4:20 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Nimekaa darini saa hizi, nyumba nzima imelala, na sina wa kumuuliza ila nyinyi.

Dada yangu mkubwa ana miaka 43 na watoto watatu. Kwa miezi alikuwa akiona damu kila baada ya kukutana na mumewe, akanyamaza nayo. Mwezi wa Shaabani, tukipepeta mchele, ndipo akanitolea: "Mwenzio mimi si mzima." Kesho yake nikamkokota hospitali. Wakampaka siki kwenye mlango wa kizazi, ile ya kuonyesha sehemu mbovu, muuguzi akamulika, akakaa kimya zaidi ya nilivyopenda. Akasema hapa sichomi kitu, hapa patakatwa kinyama kiende maabara. Wiki tatu za kungoja. Jibu: saratani ya mlango wa kizazi. Picha ya MRI ya Mombasa ikaonyesha uvimbe wa sentimita 3, bado uko ndani ya mlango, haujafika kibofuni wala kwenye tezi.

Daktari wa Mombasa yuwataka kumpasua. Kizazi chote, nyama za pembeni, kipande cha juu cha uke, na tezi za nyonga. Mkato wa tumbo, toka chini ya kitovu. Dada aliposikia alishika tumbo kama tayari limepasuliwa.

Huku nako binamu yetu ametuletea ajenti wa matibabu ya India. Ajenti katuma video: mikono ya mashine inashona ngozi ya zabibu! Anasema roboti inatoboa vitundu vinne vitano tu, siku ya pili mgonjwa anatembea, wiki yuko kwao. Nilimuuliza daktari wa Mombasa mbona yeye asitumie matundu. Akajibu, "Kwa ugonjwa huu, sitaki." Basi. Foleni ilikuwa mpaka nje, hakueleza zaidi. Nikatoka nikijisemea huyu ni wa zamani, hajui mashine.

Pesa hatuna. Tuna shamba la marehemu baba, huko Hindi, bara ya Lamu. Ajenti ataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?

---

NahodhaMokowe · Jumamosi, saa 4:51 usiku

Uzeni. Shamba hupatikana jengine, dada hapatikani mwengine. Shangazi yangu alifanyiwa hiyo roboti India mwaka 2022, ya saratani ya kizazi vilevile. Wiki ya pili nilimkuta jikoni asonga ugali. Leo ni mzima, hata Maulidi alikuja kwa miguu yake. Mambo ya kumchana mtu tumbo zima karne hii ni uonevu.

---

Kungu_wa_Langoni · Jumamosi, saa 5:03 usiku

Kuuza Hindi uende India. Haya.

Samahani dada, si wakati wa mzaha. Mola amponye.

---

MuuguziMaweni · Jumapili, saa 12:40 asubuhi

Mwenzangu, pole sana. Nimekaa thieta miaka 11, sasa niko Malindi. Mimi si daktari na dada yako sijamwona, kwa hivyo chukua haya kama maswali ya kwenda nayo. Lakini nisome mpaka mwisho kabla hamjagusa hati ya shamba.

Yule daktari si wa zamani. Kama kuna aliyebaki nyuma hapo, ni ajenti, na amebaki mwaka 2017.

Upasuaji huu wenyewe una miaka zaidi ya mia. Wertheim wa Vienna aliuanza kwa mkato wa tumbo mwaka 1898, na Meigs wa Boston akaufufua miaka ya 1940 akiongeza kuzitoa tezi za nyonga. Baadaye zikaja kamera za kupitisha kwenye tundu, kisha roboti. Hiyo roboti, msidhani yajifanyia kitu. Daktari hukaa kando, macho kwenye kioo kinachomkuzia tumbo lote, vidole kwenye vishikio, miguu kwenye pedali, na mikono ya mashine inamfuata yeye. Ile iitwayo da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na kwa upasuaji wa kizazi mwaka 2005. Damu haimwagiki sana, maumivu ni machache, mgonjwa anarudi kwao mapema. Haya ni kweli kabisa, ajenti hakudanganya hapo. Ndiyo maana madaktari waliipokea kwa mikono miwili, kwa saratani hii pia, kabla mtu hajawagawa wagonjwa kwa kura na kungoja miaka aone nani anabaki.

Kura ikapigwa. Utafiti uliitwa LACC, ukaongozwa na Pedro Ramirez aliyekuwa Houston. Wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi ya mapema, hospitali 33 za nchi mbalimbali. 319 wakapangiwa matundu, 312 wakapangiwa mkato. Waliouandaa walitaka tu kuthibitisha kwamba matundu hayapitwi na mkato. Mwaka 2017 kamati ya usalama ikasimamisha usajili kabla ya idadi waliyopanga kutimia. Majibu yakatoka 2018:

Wa mkato, ugonjwa ulirudi kwa 7. Wa matundu, 27.
Wa mkato, waliofariki 3. Wa matundu, 19.

Kwa asilimia, baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi ni 96.5 upande wa mkato na 86.0 upande wa matundu. Mimi siku hiyo tulikuwa na mgonjwa wa matundu kwenye orodha. Daktari wetu aliingia thieta na karatasi mkononi, akasema leo tunafungua. Na tulifungua.

Kwa hivyo "kwa ugonjwa huu, sitaki" ni jibu la mtu aliyesoma. Kasoro yake ni kwamba hakukueleza, na hilo nakubali ni kosa letu sote wa hospitali. Dakika tano zingemtosha.

---

NahodhaMokowe · Jumapili, saa 2:15 asubuhi

Sasa shangazi yangu? Miaka imepita na hana kitu. Ama yeye si mtu?

---

MuuguziMaweni · Jumapili, saa 2:30 asubuhi

Ni mtu, na Mungu amzidishie. Nikuulize, kaka: alikuwa ameshakoma hedhi, halafu damu ikarudi ghafla?

---

NahodhaMokowe · Jumapili, saa 2:34 asubuhi

Ndiyo. Umejuaje?

---

MuuguziMaweni · Jumapili, saa 2:52 asubuhi

Muombe karatasi ya maabara uangalie imeandikwa nini.

---

Farid_Kizingitini · Jumapili, saa 5:10 asubuhi

Dada Muuguzi, nakuheshimu lakini niruhusu nikubishie. Nafanya kazi ya kompyuta, nimezoea kusoma ripoti. Huo utafiti uliousema, waliotobolewa wengi wao walifanyiwa laparoskopi ya kawaida, vile vyuma virefu vya kushika kwa mkono. Roboti ni kitu chengine, ina mikono inayojikunja kama kiwiko. Huwezi kuilaumu ndege kwa ajali ya jahazi.

---

MuuguziMaweni · Jumapili, saa 7:25 mchana

Swali zuri, Farid, na hili ndilo swali ambalo hata mabingwa wanabishania. Ni kweli: upande wa matundu, roboti ilikuwa asilimia 15.6 tu. Kama tungekuwa na LACC peke yake ningekuachia nusu ya hoja.

Lakini jarida lililochapa LACC, toleo lilelile, lilichapa utafiti mwengine wa Melamed na wenzake, uliopekua kumbukumbu za wanawake 2,461 wa Marekani waliopasuliwa kati ya 2010 na 2013. Huko wa matundu karibu wanane kwa kumi walifanyiwa kwa roboti. Vifo ndani ya miaka minne: 9.1 kwa mia kwa matundu, 5.3 kwa mkato. Huu haukuwa wa kura, walichimba tu kumbukumbu, kwa hivyo una udhaifu wake. Ila umeelekea kulekule. Februari 2019 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ikatoa tahadhari kwamba usalama wa roboti kwa kutibu saratani haujathibitishwa. Baada ya hapo yakaanzishwa majaribio ya roboti yenyewe dhidi ya mkato, mojawapo likiongozwa kutoka Uswidi. Kwa hivyo mlango wa roboti haujapigwa msumari. Ila mgonjwa wa roboti leo aingie akijua yumo ndani ya jaribio, na yeye mwenyewe awe ametia sahihi. Kuuziwa shamba ili uingie kwenye jaribio bila kuambiwa, hapo mimi nagoma.

Kwa nini matundu yanaharibu? Zipo dhana tatu kubwa. Ya kwanza, kile chuma kinachoingizwa ukeni kupita mlango wa kizazi ili kizazi kishikwe na kuzungushwa huku na huku. Kinapita katikati ya uvimbe wenyewe. Shika tende mbivu kwa uma uizungushe, uone kama uma utatoka mkavu. Ya pili, gesi ya kaboni dioksidi wanayopulizia tumbo lipate kufura. Ya tatu, uke unakatwa ndani ya tumbo na uvimbe ukiwa wazi, chembe zikapata pa kumwagika. Kuna madaktari wanaoufunika uvimbe kwanza kwa kuushona uke kutoka chini, na hawatumii kile chuma, na wanasema majibu yao ni mazuri. Huenda. Waonyeshe hesabu.

---

NahodhaMokowe · Jumapili, saa 10:05 jioni

Nimetoka kwa shangazi. Karatasi imeandikwa "endometriamu". Haina neno la mlango popote.

---

MuuguziMaweni · Jumapili, saa 10:20 jioni

Ahsante kwa kwenda kuangalia, wengi wasingeenda.

Hiyo ni saratani ya utando wa ndani wa kizazi. Jirani wa huu ugonjwa tunaousema, nyumba ni nyengine. Kwa saratani ya utando, upasuaji wa matundu ulijaribiwa kwa maelfu ya wanawake na haukuonyesha madhara haya, kwa hivyo shangazi alifanyiwa jambo sahihi kabisa. Kiswahili chetu kinatuponza hapa, zote twaziita "saratani ya kizazi", na ajenti akikuonyesha mgonjwa aliyepona kwa roboti hutajua ni wa nyumba gani.

---

NahodhaMokowe · Jumapili, saa 10:24 jioni

Naondoa kauli yangu. BintiMkomani usiuze shamba kwa maneno yangu.

---

TibaAsili_Pwani · Jumapili, saa 2:00 usiku

*[Ujumbe umefutwa na msimamizi: kutangaza dawa na namba ya simu]*

---

Kungu_wa_Langoni · Jumapili, saa 2:11 usiku

Huyu naye hakosi. Juzi alikuwa anauza hiyohiyo kwa kisukari.

---

BintiMkomani · Jumatatu, saa 3:30 asubuhi

Jamaa, nimelia kusoma, kwa wema lakini. Sasa kuna jengine limenitia baridi. Barua ya India imeandika hatua ya "1B1". Ya Mombasa imeandika "1B2". Zimetoka kwa picha moja! Ina maana kwa wiki mbili ugonjwa umepanda? Dada hajui bado, nimeificha barua chini ya msala.

---

MuuguziMaweni · Jumatatu, saa 3:48 asubuhi

Itoe barua chini ya msala. Ugonjwa haujapanda.

FIGO, shirikisho la madaktari wa wanawake duniani, lilibadilisha vipimo mwaka 2018. Zamani 1B1 ilikuwa uvimbe wowote unaoonekana mpaka sentimita 4. Sasa 1B1 ni chini ya 2, 1B2 ni kuanzia 2 mpaka chini ya 4, na 1B3 ni kuanzia 4. Uvimbe wa sentimita 3 kwa pishi la zamani ni 1B1, kwa pishi jipya ni 1B2. Mchele ni uleule.

Ila jiulize kwa nini barua ya hospitali inayojivunia mashine ya kisasa imeandikwa kwa pishi la zamani.

Na sentimita 3 ina maana nyengine. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa SHAPE, wanawake 700 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2. Huko walioondolewa kizazi kwa njia nyepesi, bila zile nyama za pembeni, ugonjwa uliwarudia nyongani kwa kiasi kilekile cha wale wa upasuaji mkubwa, 2.52 kwa 2.17 katika mia baada ya miaka mitatu, na wakawa na shida chache za mkojo. Dada yako amepita mpaka huo, kwa hivyo mtu asikwambie "mbona fulani alifanyiwa kidogo tu".

Swali la kumuuliza daktari wa Mombasa: vifuko vya mayai vitabaki? Kwa miaka 43 na ugonjwa wa mapema mara nyingi huachwa, asije akaingia ukomo wa hedhi kwa ghafla. Muulize pia amefanya upasuaji huu mara ngapi mwaka huu. Haoni haya daktari mzuri kulijibu hilo. Na ajenti muulize moja tu: majibu ya miaka mitano ya wagonjwa wao wa mlango wa kizazi waliofanyiwa roboti.

---

BintiMkomani · Jumatatu, saa 11:15 jioni

Nimemuuliza ajenti. Amenitumia ile video ya zabibu tena.

---

Mama_Watatu_Shela · Jumatatu, saa 1:40 usiku

Na sisi wenye mabinti? Shuleni wanachanja, mume wangu amekataa, yuwasema itawafunga kizazi.

---

MuuguziMaweni · Jumatatu, saa 2:05 usiku

Mwambie nimesema mimi: chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, imo kwenye ratiba ya Kenya tangu Oktoba 2019, na haifungi kizazi. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo zinazoleta karibu asilimia 70 ya saratani hii. Kizazi hufungwa na kile atakachofanyiwa dada wa BintiMkomani. Na wewe mwenyewe mama, ulipakwa siki lini?

---

Mama_Watatu_Shela · Jumatatu, saa 2:09 usiku

Mmh.

---

BintiMkomani · *wiki sita baadaye*, Alhamisi, saa 4:00 asubuhi

Naurudisha uzi juu kwa sababu wengi mmeniuliza faraghani.

Alipasuliwa Mombasa, kwa mkato. Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Mimi nilikuwa kwenye benchi na kikapu cha nguo, nikihesabu vigae. Daktari alitoka na kofia ya thieta bado kichwani, safari hii akakaa, akanieleza yote. Nadhani ni kwa sababu nilimwendea na maswali yaliyoandikwa. Vifuko vya mayai vimebaki. Maabara wamesema kingo ni safi na tezi 19 zote safi. Wakubwa wao walikaa kikao, wakaona hahitaji mionzi, atafuatiliwa kila baada ya miezi kadhaa.

Sitawadanganya kuwa ilikuwa rahisi. Siku tatu za mwanzo alikuwa akiogopa kukohoa. Nilimkunjia leso nikampa aibane tumboni kila kikohozi kikija. Aliongezewa damu chupa moja. Mshono ni mrefu, yuwauita "reli ya Mombasa". Usiku wa nne aliniuliza kama ningemwachia ile roboti, na sikuwa na jibu, nikamsugua miguu mpaka akalala.

Sasa tuko Malindi kwa khalati, apate nguvu kabla ya barabara. Kilichobaki ni mpira wa mkojo. Ulitolewa siku ya kumi, akakojoa, lakini wakapima wakakuta mkojo mwingi umebaki kibofuni, ukarudishwa. Amevunjika moyo kuliko siku ya upasuaji. Yuwasema afadhali maumivu kuliko kutembea na mfuko kama muuza maji. Ataka kurudi kwetu Amu (Lamu) Jumapili na mpira wake. Yawezekana? Basi mpaka Mokowe, halafu boti, mbele ya watu?

---

MuuguziMaweni · Alhamisi, saa 4:35 asubuhi

Alhamdulillahi! Kwanza mpe salamu zangu.

Mpira kurudishwa ni jambo la kawaida kwa upasuaji huu. Neva za kibofu hupita mlemle kwenye nyama za pembeni zilizokatwa, zikashtuka, na hujirudia taratibu. Wiki moja mbili zaidi, watajaribu tena. Akiambiwa hivi mapema halii.

Safari yawezekana. Omba ule mfuko mdogo wa kufunga pajani, buibui litaufunika, hakuna atakayejua. Mfuko usipande juu ya kibofu hata kidogo, mkojo usirudi ndani. Muumwage kabla hamjatoka Malindi, tena Garsen, tena Mokowe kabla ya boti. Mikono kwa sabuni kila mara. Anywe maji, asijinyime kwa kuogopa kukojoa. Akipata homa, ama mkojo ukawa na mawingu na harufu, msingoje Jumatatu. Na kabla hamjapanda basi pitieni kwangu Maweni niuangalie mshono.

---

NahodhaMokowe · Alhamisi, saa 5:02 asubuhi

Jumapili mkishuka basi niulizeni gatini. Boti yangu ina tandiko nyuma na turubai, nitaishusha pande zote mbili akae kwa stara. Abiria wengine sipakii.

---

BintiMkomani · Alhamisi, saa 5:06 asubuhi

Nauli?

---

NahodhaMokowe · Alhamisi, saa 5:07 asubuhi

Nyamaza. Niambie tu apenda upande wa kivuli ama wa upepo.